Hamdun Amepita Huko

Ibanda, chini ya Ruwenzori
14 Januari 1973

Shangazi Mwanawetu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kifua kimepona, na swala sijaiacha ingawa maji ya kutawadhia hapa ni baridi ya kutoa machozi. Naomba nyumba yote ya Bukoto iwe salama: wewe na goti lako, Rahima mkwe wako, na huyo mwanao Hamdun, ambaye tangu tuagane hajaniandikia hata mstari. Mwambie kaka yake bado yuko hai.

Habari ya huku ni kwamba wageni wamekwisha. Tangu Bwana Kanji afunge kampuni yetu ya watalii na kuondoka pamoja na Wahindi wenzake, hakuna aliyeniambia nirudi wala nibaki. Basi nimebaki. Nafagia nyumba ya wageni, naanika mablanketi, nayakunja tena. Niko na Augustin Kasereka, Mkonjo wa hapa hapa, ambaye kazi yake ni kuwapandisha watu mlimani. Tunakaa barazani tunatazama njia, na anayetokea ni mbuzi.

Kwa kuwa sina wa kumwonyesha mlima, nitakuonyesha wewe. Kaa hapo, Shangazi, ujifanye Mzungu. Kushoto kwako ni mto Mubuku, unaonguruma mchana kutwa, mawe yake meupe kama yameoshwa kwa sabuni. Mbele ni msitu wenyewe. Humo mna mbega wenye mikia mirefu myeupe, na ndege wa kijani ambaye akiruka unaona mabawa yake ni mekundu kwa ndani. Juu ya msitu ni mianzi. Juu ya mianzi ni miti iliyoota ndevu. Juu ya miti hiyo ni matope, kisha maziwa, na juu kabisa ni theluji, ambayo Kasereka anaiita nzururu. Theluji hasa, Shangazi, hapa kwetu, ambapo jua linapita utosini! Lakini usiulize iko wapi. Ukungu umeifunika. Wako wageni waliokaa hapa wiki nzima wakaondoka bila kuiona.

Nyuma ya hiyo theluji ni Zaire. Dada yake Kasereka, Julienne, ameolewa huko, Mutwanga. Wenyeji wanavuka kwa miguu kwenda kuamkiana.

Mwambie Hamdun aje. Miaka yote alikuwa akileta wageni mpaka mlangoni, kisha analala ndani ya gari, mlima hajaukanyaga. Safari ile ya mwisho, na yule Mdachi aliyepiga picha kila kitu mpaka askari wa kizuizi cha barabarani, Hamdun alinuna njia nzima. Kama bado amenuna, hewa ya huku itamtoa.

Barua hii anakuletea Cleopas, kondakta wa basi la Kasese. Nijibu kupitia kwake.

Mwanao,
Mansur


Bukoto, Kampala
20 Februari 1973

Mwanangu,

Salamu zako zimenifikia zikiwa na vumbi. Cleopas anasema walisimamishwa njiani na mizigo yote ikamwagwa barabarani. Alikuwa ameificha barua ndani ya soksi, na kweli ilinukia soksi.

Goti langu ni lile lile. Sukari hakuna, sabuni hakuna, chumvi ni ya magendo. Duka la kitambaa la pale kona amepewa mafuta mingi mmoja, hawa matajiri wapya wa serikali, na nilipokwenda kununua kaniki akaniuliza mimi, eti mama, hii huwa inauzwaje? Maalim Tajudin wa Kyebando anakusalimu sana. Rahima ni mzima. Hatoki siku hizi, anakaa chumbani.

Sasa nisikilize vizuri. Ndugu yako Hamdun hayupo hapa. Ameondoka mwishoni mwa Januari, ameelekea huko kwako. Anataka kuupita huo mlima aende upande wa pili. Kama hajafika mlangoni kwako, basi amepitia njia nyingine. Mtafute. Usimtafute hapo chini barazani, panda. Usipomwona, panda tena. Na ukifika pale maji yanapoanza kuteremkia Zaire, usigeuke. Tazama na huko.

Usije Kampala kuniuliza maswali. Uliza kwa barua.

Jambo jingine: usitie jina lako chini ya barua. Mwandiko wako naujua, mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika alifu. Nami bahasha zangu nitaziandika kwa jina la Kasereka.

Kula vizuri. Vaa soksi.

Shangazi yako


Ibanda
18 Machi 1973

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia sauti yako katika karatasi, ingawa safari hii ilikuwa kali kidogo. Poleni na sukari. Hapa tunatia asali ndani ya chai, Kasereka anao mzinga. Nisalimie Maalim.

Nimepanda. Hamdun hakuwa amepita Ibanda, hakuna aliyemwona, lakini Kasereka anasema ziko njia za wawindaji ambazo hata yeye hazijui zote. Tulipita msituni, tukavuka mto tukiwa tumeshikana mikono, tukalala Nyabitaba kwenye kibanda cha bati. Asubuhi tukaingia kwenye mianzi. Mle ndani hakuna jua, na upepo ukija mianzi inagongana juu ya kichwa, unadhani kuna watu wanajenga.

Baada ya mianzi ndipo pale penye miti ya ndevu. Wageni wetu walikuwa wakinyamaza wakifika hapo, na zamani sikujua kwa nini. Kila tawi limevaa kuvumwani, ule ukoga wa kijani, nene kama godoro, na kutoka kwenye matawi zinaning'inia nyuzi za kijivu mpaka begani kwako. Unakanyaga, husikii mguu wako mwenyewe. Pana pango la mwamba linaitwa Nyamuleju. Mle tulikuta majivu. Nikatia mkono: yalikuwa na moto. Pembeni palikuwa na maganda ya ndizi.

Nikatoka nje kuita. Ilikuwa alasiri na ukungu umejaa. Nikasikia mluzi, Shangazi. Ule mluzi wa Hamdun wa kuingia nyumbani: mifupi miwili, kisha mrefu unaopanda. Wewe unaujua, ulikuwa ukimgombeza kwamba anakuita kama ng'ombe.

Kasereka akanishika mkono. "Usijibu, Bwana."

"Ni ndugu yangu."

"Kama ni ndugu yako, atakuja. Kwa ukungu mtu anaita, ukijibu anasogea, ukijibu tena anasogea. Mwisho unaanguka kwa shimo."

Kasereka ni Mkatoliki wa kwenda misa, lakini alikuwa amefanya ishara ya msalaba na pia ameacha kipande cha muhogo juu ya jiwe kwa ajili ya mwenye mlima. Nilipiga mluzi nikajibu. Kimya. Halafu ukaja tena, kutoka juu zaidi. Tulifuata mpaka hatuoni miguu yetu, tukarudi pangoni tumelowa.

Chakula kilikwisha, ikabidi tushuke. Nitapanda tena. Lakini nieleze, Hamdun amefanya nini hata avuke mpaka kwa miguu na kumwacha mkewe wa mwaka mmoja? Rahima ni mgonjwa? Kwa nini hatoki? Na kwa nini wewe huniiti tena kwa jina?

Mwanao (sijatia, kama ulivyotaka)


Bukoto
22 Aprili 1973

Mwanangu,

Salama hapa, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeshika, paa la jikoni linavuja pale pale ulipoziba. Rahima si mgonjwa. Nimeshakujibu hilo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa chini. Sikupika siku ile.

Kasereka ni mtu mwema, msikilize. Usijibu ukiitwa. Usifuate mluzi. Wewe fuata njia, uende mbele. Umesema kuna matope halafu maziwa. Baada ya maziwa kuna nini? Ni siku ngapi mpaka kwa huyo Julienne? Mtu anayepita huko anaulizwa na nani? Niandikie kama ulivyokuwa ukiwaeleza wageni, usiruke kitu.

Tulipata wageni na sisi. Walikula chakula tulichojipikia, wakavunja sahani, wakaenda.

Nakutumia koti la Hamdun, lile la sufu. Ni zito. Livae.

Shangazi yako


Ibanda
3 Juni 1973

Shangazi,

Shikamoo. Koti limefika, na Cleopas pia amefika, ingawa jicho lake limevimba. Hakusema nani kampiga nami sikuuliza. Pole kwa sahani. Huku wawili kati ya mbuzi wa Kasereka wameliwa na chui.

Umetaka nikueleze, basi hii ndiyo njia yote. Kutoka pale pangoni unaingia bonde la Bujuku. Kwanza ni kinamasi, na majani yamejikusanya kama viti. Unaruka kutoka kiti hadi kiti, ukikosea unazama mpaka pajani. Humo imesimama mimea ambayo ukiichora watu watasema umelewa. Upo mmoja unasimama peke yake kama mnara, mrefu kuliko mwanamume, na ua lake ni la buluu lililojificha ndani ya manyoya. Upo mwingine ni mti wa shina nene wenye vichwa vya kabichi. Jioni ukungu ukipita kati yao unaona kundi la watu wamesimama wanakungoja. Sisemi hivi kwa kupamba. Niligeuka mara nyingi kuhesabu kama wameongezeka.

Halafu ni ziwa Bujuku, jeusi, limezungukwa na kuta za mawe, na theluji juu yake. Pimbi wanalia huko gizani kama mtu anayenyongwa. Kisha unapanda penye upenyo kati ya vilele viwili. Huko niliigusa theluji, Shangazi. Niliitia mdomoni. Haina ladha yoyote. Ukiteremka kutoka hapo unafika Kitandara, maziwa mawili yaliyotulia kabisa, na wageni wetu wote walisema hakuna pazuri kuliko hapo katika mlima mzima. Maji ya Kitandara yanatoka upande wa magharibi. Ukiyafuata, yanakupeleka Zaire. Hakuna wa kukuuliza kitu, kuna mto tu na msitu.

Hapo Kitandara nilimwona. Ng'ambo ya ziwa la pili, akipanda kutoka majini, mgongo kwangu. Bega la kushoto limeshuka, kama Hamdun anavyotembea tangu alipoanguka kutoka kwenye mwembe wa msikiti. Niliita mpaka sauti ikakatika. Hakugeuka. Nilimwuliza Kasereka, "Umeona?" Akasema ameona ukungu. Lakini hakunitazama usoni.

Tulizunguka ziwa, hatukuona unyayo. Nilimwachia mkate chini ya jiwe, na koti lake juu, maana nilijiuliza njia nzima: kwa nini mtu aende kwenye theluji aache koti lake nyumbani? Asubuhi mkate haukuwepo. Kasereka anasema ni pimbi. Koti lilikuwa pale pale, limeganda. Mtu mwenye baridi angelichukua.

Nimeshuka, na sipandi tena. Kuna kitu unanificha. Mwisho wa mwezi huu napanda basi la Cleopas nije Bukoto, nikae mbele yako uniambie kwa mdomo wako.

Mwanao


Bukoto
10 Juni 1973

Mwanangu,

Usije. Cleopas anangoja mlangoni, naandika haraka.

Hamdun amepatikana. Yuko ng'ambo, Mutwanga, kwa huyo Julienne, dada yake Kasereka. Ni mgonjwa wa kifua, hawezi kutembea, anakutaja wewe. Habari imeletwa na Marie-Louise, mwanamke wa Beni anayeleta vitenge sokoni Bukoto.

Ukiisoma barua hii usilale tena hapo Ibanda. Chukua koti na chakula, upite njia ile uliyonieleza. Usimwambie mtu. Mwenyewe ulisema hakuna wa kukuuliza kitu.

Kama uliwahi kunipenda, nenda leo.

Shangazi yako


Mutwanga, Zaire
8 Julai 1973

Shangazi,

Sina salamu ndefu.

Nilikwenda siku ile ile. Nilipita peke yangu, maana Kasereka alikuwa ameenda Kasese. Kwenye kinamasi nilianguka, na pale Kitandara sikuthubutu kutazama ng'ambo ya ziwa. Niliinamisha kichwa nikafuata maji. Mto ule unaingia kwenye korongo lenye msitu mzito, hakuna njia, unashikilia mizizi. Nilifika Mutwanga sina kiatu cha mguu mmoja.

Julienne alikuwa anatwanga muhogo. Nikamwambia, "Nimekuja kumchukua ndugu yangu."

Akaniita kaka kwa Kiswahili cha huko: "Ndugu gani, yaya? Hapa hakuna mutu ya Kampala. Wewe ndiwe wa kwanza."

Nilimsukuma mlangoni nikaingia. Nilitazama vyumba vyote viwili. Nilitazama hadi jikoni. Mama wa watu alinifuata nyuma akiwa na mchi mkononi, halafu aliponiona nimekaa sakafuni akaenda kuniletea uji.

Baadaye Kasereka akaja, na yeye amepitia mlimani. Mdomo wake umepasuka. Anasema nilipoondoka, hazikupita siku nyingi, askari wakafika Ibanda na gari mbili. Walivunja milango ya nyumba ya wageni, wakachoma vitanda. Walikuwa wanasema jina langu, Shangazi. Si la Hamdun, langu. Walimpiga ili aseme niko wapi, akasema nimekwenda kuonyesha watu mlima na sikurudi.

Barua hii namkabidhi huyo Marie-Louise wako. Nimemwuliza kama alikuletea habari ya Hamdun. Amesema hajawahi kukuona katika maisha yake.

Yuko wapi Hamdun?


Bukoto
2 Agosti 1973

Mansur, Mansur, Mansur.

Acha nilitaje jina lako, miezi yote hii nimelizuia kwenye ncha ya kalamu. Marie-Louise amekaa jikoni anakula, tumefahamiana sasa. Barua hii ataishona ndani ya pindo la gauni lake la gomesi, kwa hiyo naweza kusema.

Hamdun amefariki.

Askari walimchukua hapa nyumbani mwishoni mwa Januari, saa za adhuhuri, akiosha gari. Mimi nilikuwa barazani nachagua mchele. Walimuuliza habari za yule Mdachi wa picha. Kumbe picha zake zilitoka kwenye magazeti ya Ulaya. Mmoja wao akanigeukia akasema, "Ule ingine iko wapi? Ule alikaa nyuma na muzungu?"

Nikasema, "Huyo amekwenda Mombasa kuoa."

Hamdun walikuwa wamekwisha kumtia ndani ya buti ya gari. Akaitikia kutoka humo, "Ndiyo, Mombasa. Mwaka huu harudi." Wakafunga. Hilo ndilo neno lake la mwisho masikioni mwangu, na lilikuwa kwa ajili yako.

Mkata kuni mmoja, Komakech, alimkuta ametupwa katika msitu wa njia ya Jinja. Alimtambua kwa sababu Hamdun alikuwa akimpa lifti na mizigo yake. Akamleta chini ya kuni mpaka Kyebando kwa Maalim Tajudin, na angeuawa kwa hilo kama wangefungua. Maalim na wanawe wakamwosha, wakamzika nyuma ya nyumba baada ya swala ya alfajiri. Sikuweka matanga. Sikulia kwa sauti. Majirani walipouliza nikasema ameenda kuona mlima. Rahima alikuwa edani, Mansur. Ndiyo sababu hakutoka. Ameimaliza mwezi Juni, na hata kanga nyeupe alikuwa akivaa chumbani tu.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia. Kwa sababu nakujua. Baba yako alipofariki nilikupelekea neno shuleni, usije, mvua imekata daraja. Ukaja umelowa mpaka kifuani. Ungekuja kumzika Hamdun, nami ningewazika wawili. Na kama ningeandika kwamba wanakutafuta, barua ingefunguliwa kizuizini wangejua ulipo. Jina la Hamdun halikuwa na hatari, wao hawamtafuti tena. Basi nikamfanya yeye akutangulie. Nilijua kwa ajili yake utapanda popote.

Wale wageni waliovunja sahani ndio hao. Walirudi mwezi Juni, wakasema wamempata karani wa zamani wa kampuni na amewatajia Ibanda. Hawajafika mwisho wa mtaa, mimi nimeshika kalamu.

Sasa kuhusu mluzi. Siku barua yako ilipofika nilikuwa nimetoka Kyebando kupalilia kaburi, udongo ulikuwa bado kwenye kucha. Nilisoma "mifupi miwili, kisha mrefu", nikaenda tena Kyebando kwa miguu na goti hili, nikasimama pale nikatazama kama udongo umeguswa. Haukuwa umeguswa. Nilimpa Maalim barua akaisoma. Aliikunja akanirudishia, akasema, "Mwambie apande." Sina zaidi ya hilo la kukuambia.

Una haki ya kunikasirikia. Kasirika ukiwa huko huko.

Shangazi yako,
Mwanawetu


Mutsora, Zaire
6 Januari 1974

Shangazi Mwanawetu,

Shikamoo. Nasikia goti limezidi na kwamba Rahima amerudi kwao Katwe, anashona. Nasikia kwa Marie-Louise. Kila alipopita aliniuliza kama nina barua ya Kampala, nami nilimwambia sina. Si yeye aliyechelewa, ni mimi.

Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Ulinituma nimwite marehemu kwa jina lake milimani. Nilimwachia mkate. Nilimgombeza kwa sauti, pale kwenye kinamasi, kwamba ananichosha na ujinga wake, na yeye yuko chini ya udongo kwa sababu yangu. Nilikuandikia barua tatu za hasira nikazitia motoni kwa Julienne. Katika ya mwisho nilikuwa nimebaki na neno moja tu la kukulaumu, na neno hilo lilikuwa kwamba mimi niko hai. Nikaona haliandikiki.

Ijumaa moja nilishuka Beni. Kuna msikiti mdogo wa bati, Waislamu wake ni wachache, wengi wao ni wafanyabiashara. Niliwaomba tumswalie maiti asiyekuwepo. Imamu akaniuliza jina, nikalitaja, na jina la mama yake nikalitaja. Walisimama safu mbili kumswalia mtu wasiyemjua. Nililia hapo, Shangazi, kwa sauti, kwa niaba yako pia.

Sasa nafanya kazi hapa Mutsora, kwenye kituo cha mbuga. Upande huu wageni bado wanakuja, Wabelgiji wengi na Wajerumani wachache. Mlima ni ule ule lakini mgongo wake ni mwingine: unapanda ghafla, msitu unakuegemea usoni, na huko juu kuna ziwa jeusi, ziwa la kijani na ziwa la kijivu, kila moja chini ya mwenzake. Theluji inaonekana mara nyingi zaidi, asubuhi, kama kitambaa kilichotandikwa. Kasereka yuko nami, ameshawaleta mkewe na watoto. Tunawapandisha wageni, tunawaeleza majina ya mimea, wanapiga picha. Sipendi kusimama ndani ya picha.

Lakini si wageni tu wanaopita. Wapo wanaoteremka kutoka kwenu. Wanafuata maji kama nilivyofuata, wengine wamevaa viatu vya ofisini. Pengine yule niliyemwona Kitandara alikuwa mmoja wao, na majivu yale yalikuwa ya mmoja wao. Nalisema hili mchana na naliamini. Mluzi sijaupatia maelezo, nami nimeacha kuyatafuta. Kazi ikiisha, mimi na Kasereka tunapanda na chai na mablanketi mpaka pale korongo linapoanza, tunatazama kama kuna mtu.

Juzi tulimkuta mwanamke. Anaitwa Alanyo, mumewe alikuwa polisi Fort Portal, wamemchukua. Alikuwa amejibanza chini ya mwamba, mtoto mgongoni, miguu imechanika kwa mawe, na mkononi ameshika jiwe amelinyanyua tayari. Nikasimama mbali. Nikaweka chai chini.

Akasema, "Wewe ni askari?"

"Hapana, mama."

"Umejuaje niko hapa? Nani amekutuma?"

Nilitaka kusema hakuna aliyenituma. Mtoto alikuwa anakohoa. Nikamwambia, "Shangazi yangu. Yuko Bukoto."

Akaitazama ile chai. Halafu akaliweka jiwe chini, akamfungua mtoto mgongoni akampa Kasereka, tukaanza kuteremka.

Mwanao,
Mansur